Soma Jani Kabla ya Kununua Dawa



Hivi majuzi tulitembelea kina mama wa kikundi kimoja huko Kawangware, upande wa Gatina. Wanapanda sukuma wiki kwenye magunia nyuma ya nyumba. Walituita kwa sababu majani yalikuwa yamegeuka manjano, na walikuwa wamepulizia dawa mara mbili bila kupona. Pesa ya chama ilikuwa imekwisha, manjano yako pale pale. Lakini kilichotutia hofu ni jambo lingine. Dawa ile ilikuwa imepimwa kwenye kichupa kisicho na karatasi ya maelezo, hakuna aliyejua jina lake, na kesho yake baada ya kupulizia mboga ilichumwa ikapikwa. Watoto wamekula.

Tukageuza majani, moja baada ya lingine. Hatukuona mdudu hata mmoja. Magunia yale yalikuwa na njaa tu.

Mtajuaje njaa? Tazameni ni majani gani yameanza kuharibika. Mmea ukikosa naitrojeni, ile chakula ya kuleta ukijani, unaiondoa katika majani yake ya zamani na kuipeleka kwa machanga. Kwa hiyo manjano huanzia chini, na jani hugeuka lote sawasawa, halina tundu wala doa. Ya juu yanabaki kijani, ila ni madogo. Gunia la kilo 90 lina udongo kidogo, nasi tunalibebesha miche 30 au hata 40. Tunachuma kila wiki, tunamwagilia, na kila maji yakishuka yanashuka na mbolea. Basi udongo unachoka.

Dawa ya njaa ni samadi iliyooza vizuri. Ama funga samadi kwenye kigunia, uiloweke ndani ya ndoo kwa wiki mbili, halafu uongeze maji mpaka yawe na rangi ya turungi nyepesi. Mwagia udongo, usimwagie majani, maana hayo ndiyo tunayokula. Mbolea ya kuku ikiwa mbichi usiiguse: itachoma mizizi, na kingo za majani zitakauka kama zimepitiwa na moto.

Kuna manjano mengine yanayofanana na haya. Ukiona mmea umelegea mchana na udongo bado ni mvua, sukuma kijiti upande wa chini wa gunia. Kikitoka na tope linalonuka, maji hayapiti. Mara nyingi ile nguzo ya mawe ya katikati imeziba, au haikuwekwa tangu mwanzo. Mizizi inaoza kwa kukosa hewa. Hapo hata samadi haisaidii. Toboa chini, punguza maji, na kama ni lazima mwaga gunia ulijenge upya.

Sasa matundu. Hapo kweli kuna mlaji. Ukikuta jani limeliwa upande wa chini na juu kumebaki ngozi nyembamba kama kioo cha dirisha, tafuta kiwavi kidogo cha kijani. Ukikigusa kinajipindapinda haraka na kuning'inia kwa uzi. Huyu ni mtoto wa nondo wa kabeji, na ni mkaidi sana kwa dawa. Mwaka 1953 huko Java, Indonesia, alionekana hasikii tena DDT, na tangu hapo amezizoea dawa nyingi. Mwaka 2002 kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE cha hapa Nairobi kiliachilia nyigu mdogo huko Taita na Limuru, aliyeletwa kutoka Taiwan, ambaye hutaga mayai ndani ya kiwavi hicho na kukiua. Ukipulizia dawa kali ovyo unaua nyigu kama huyo, na kiwavi kinabaki. Kwa gunia, vidole vyatosha: pita asubuhi, geuza majani, viponde.

Majani ya juu yakikunjamana, fungua katikati ya mmea. Vidukari wa sukuma ni wa kijivu, kama wamepakwa unga, na hukaa wengi pamoja wakifyonza utomvu. Wasugue kwa kidole na maji yenye sabuni kidogo, kisha suuza. Jani lililojaa sana likate. Yule mdudu mviringo mwekundu mwenye madoa meusi mwacheni, anawala.

Ambao hauna mchezo ni ugonjwa wa kuoza mweusi. Huu hauanzi kwa jani zima. Unaanza kwenye ukingo, manjano yenye umbo la V, ncha ikielekea katikati ya jani, na vile vimishipa ndani yake ni vyeusi. Ni bakteria. Huja na mbegu au miche, na husambazwa na maji yanayorukaruka na mikono inayochuma. Dawa ya wadudu haiwezi kuugusa. Ng'oa mmea huo wote, usiutupe kwenye mboji, nawa mikono kabla ya kwenda gunia lingine.

Wenzetu wa Kibera wanajua uzito wa jambo hili. Mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za uchaguzi, reli iling'olewa na chakula kikawa shida kuingia. Mwaka huo huo shirika la Kifaransa la Solidarités lilianza kugawa miche ya magunia huko. Mpaka leo, mahali pengi gunia ndilo shamba la pekee.

Na ikibidi kabisa kupulizia, nunueni dawa yenye lebo, msome siku za kungoja kabla ya kuchuma, mzihesabu. Gunia lililopuliziwa lifungwe kitambaa, ili hata mtoto aliyetumwa mboga ajue hilo halichumwi.

Kina mama wa Gatina wamemwaga magunia mawili, wakachanganya udongo na samadi ya mbuzi. Yale mengine wanayapa maji ya samadi. Tutarudi baada ya wiki tatu kuyatazama.