Ahadi Iliyomficha Mtoto wa Kiyahudi

Waalbania wana neno lao, besa. Ukilifasiri kwa Kiswahili utasema ni ahadi, ingawa hizi ahadi zetu za kukutana kesho baada ya alasiri hazifiki hapo. Kwa watu wa milima ile, mwenye kutoa besa ameweka rehani roho yake na za jamaa zake. Mgeni akishavuka kizingiti amekuwa amana, na atakayekuja kumtafuta kwa ubaya hana budi aanze na mwenye nyumba. Kwa neno hilo ndivyo alivyookoka Gavra Mandil, mtoto wa Kiyahudi, na waliomweka walikuwa Waislamu.

Gavra alizaliwa mwaka 1936. Babake, Moshe, alikuwa mpiga picha katika mji wa Novi Sad, nchi iliyokuwa ikiitwa Yugoslavia. Kazi hiyo ilikuwa ya ukoo, kwani baba mkwe wa Moshe naye alikuwa na duka la picha mjini Belgrade. Mwaka 1940 Moshe aliwasimamisha wanawe, Gavra na umbu lake Irena, mbele ya mti wa Krismasi uliopambwa, akawapiga picha. Haikuwa sikukuu yao. Ilikuwa kazi tu.

Wajerumani walipoivamia nchi hiyo Aprili 1941, jamaa hii ilikimbia kuelekea Kosovo, iliyokuwa mikononi mwa Waitalia. Njiani wakashikwa na askari wa Kijerumani walioshuku asili yao. Moshe akaitoa ile picha. Askari wakaitazama, wakaona watoto wa Kikristo na mti wao, wakawaachia. Hebu fikiri: kipande cha karatasi kikapima uhai wa watu wanne.

Wakafungwa Pristina, kisha mwaka 1942 wakapelekwa Albania, katika mji wa Kavaja. Septemba 1943 Italia ilisalimu amri na Wajerumani wakaingia Albania. Moshe akaenda Tirana kutafuta kazi katika duka la picha, na kumbe mwenye duka aliwahi kujifunza kazi kwa yule mkwewe wa Belgrade. Akampa kazi na mahali pa kukaa. Dukani mle mlikuwa na mwanagenzi wa miaka 17, jina lake Refik Veseli.

Tirana haikuwa salama tena. Refik akaomba ruhusa kwa wazazi wake, Vesel na Fatima, waliokuwa wakikaa milimani Kruja. Wakakubali. Kijana akawachukua wageni juu ya nyumbu, wakisafiri usiku na kujificha mapangoni mchana, mpaka wakafika.

Hapo ndipo pananishangaza mimi. Moshe na mkewe Gabriela walifichwa katika chumba kidogo juu ya zizi, lakini watoto hawakufichwa. Walivishwa kama watoto wa kijijini, wakaachiwa wacheze na watoto wa Veseli uani, machoni mwa watu. Kumsitiri mtoto kwa kumwacha aonekane kunataka moyo wa aina yake, maana siri hiyo haiwi ya mtu mmoja. Huwa ya nyumba nzima, hata ya mtoto mwenziwe ambaye angeweza kuropokwa kisimani. Baadaye nduguye Refik akaleta Mayahudi wengine, nao wakapokewa. Wakakaa hivyo hadi Wajerumani walipofukuzwa Novemba 1944.

Najua kwamba Mayahudi wakitajwa barazani, mazungumzo hugeukia Palestina mara moja. Hayo yana mahali pake, na si haki kuyanyamazia. Lakini mtoto wa miaka saba anayewindwa hana dola wala jeshi. Wala tusijisifu kupita kiasi kwa ajili ya akina Veseli. Mei 1944, kule Pristina, kikosi cha Skanderbeg cha jeshi la SS, ambacho wengi wa askari wake walikuwa Waalbania Waislamu, kiliwakamata Mayahudi 281. Dini ilikuwa moja, milima ilikuwa jirani. Vesel na Fatima walichagua.

Vita vilipokwisha, akina Mandil walirudi Novi Sad wakafungua tena duka la picha. Wakamwita Refik aje akae nao amalizie kujifunza kazi. Akaenda, akalala chini ya dari yao kama wao walivyolala chini ya dari ya babake, mpaka walipohamia Israel mwaka 1948. Yeye akarudi kwao.

Kisha mlango ukafungwa. Serikali ya Enver Hoxha iliizungushia Albania ukuta, na mwaka 1967 ikapiga marufuku dini zote na kuifunga misikiti. Wale waliomwokoa Gavra kwa imani yao wakawa hawana ruhusa ya kuadhini.

Gavra akawa mpiga picha kama babake, na deni hakulisahau. Mwaka 1987, akiwa mtu mzima wa miaka 51, aliandikia taasisi ya Yad Vashem ya Jerusalem, inayowatambua wasiokuwa Mayahudi waliohatarisha roho zao, akaieleza habari ya nyumba ile ya Kruja. Mwaka huohuo Vesel na Fatima wakawa Waalbania wa kwanza kupewa heshima hiyo. Leo Waalbania walioandikwa wamezidi 70. Mwaka 1990 Refik na mkewe Drita waliruhusiwa kusafiri hadi Jerusalem, na mwanagenzi wa zamani akakutana tena na yule mtoto aliyempandisha juu ya nyumbu usiku.

Refik alifariki mwaka 2000. Mjini Berlin, mtaa wa Kreuzberg, kuna skuli iliyopewa jina lake mwaka 2014. Wengi wa watoto wanaosoma pale ni wa jamaa zilizotoka Uturuki na nchi za Waarabu.