Steki ya 65,000 Masaki na kilo ya mbuzi Vingunguti

Mwezi uliopita mimi na mke wangu tulitimiza miaka kumi na miwili ya ndoa, tukaenda kula steki Masaki. Risiti bado ninayo. Steki mbili za fileti, gramu 300 kila moja, 65,000 kwa sahani. Viazi na mchicha, ambavyo huagizwa peke yake, 24,000. Sosi mbili za pilipili manga 12,000, juisi mbili 20,000, maji 7,000, na keki moja tuliyogawana 15,000. Jumla 208,000. Nyama tuliyoifuata ilichukua 130,000. Hizo 78,000 zilizobaki zililipia vilivyoizunguka.

Ndani ya jumla hiyo, kama 31,700 ni VAT ya asilimia 18. Pale bei za menyu zilikuwa zimeshaibeba kodi. Wapo wanaoandika chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, kwamba kodi iko nje ya bei. Hapo steki ya 65,000 inakuwa 76,700 kabla hujagusa kisu. Uliza kabla ya kuagiza. Hakuna aibu katika kuuliza bei ya chakula utakacholipia mwenyewe.

La uzito ndilo wengi hatuliangalii. Gramu 300 zinazoandikwa kwenye menyu ni za nyama mbichi. Moto unafukuza maji, na kadiri nyama inavyoiva ndivyo inavyopungua. Steki ya kuiva kiasi hupoteza kama robo ya uzito wake. Iliyoiva kabisa inaweza kupoteza theluthi na zaidi. Mke wangu hataki kuona wekundu wowote kwenye nyama, na ni haki yake, ingawa yale maji mekundu si damu: ni protini ya msuli iitwayo mayoglobini. Basi yeye alikula kama gramu 200, mimi zaidi kidogo, na tulilipa sawasawa. Kwa kilo mbichi, bei ile ni zaidi ya 216,000. Wiki hiyohiyo bucha letu la Tabata lilikuwa linauza fileti 22,000 kwa kilo.

Karibu mara kumi! Nilipopiga hesabu hiyo nyumbani nilikasirika, kisha nikajiuliza zile pesa zilinunua nini hasa.

Kubwa zaidi zilinunua siku. Ng'ombe wa mabucha yetu huchinjwa usiku, na asubuhi nyama yake inaning'inia dukani. Msuli uliochinjwa saa chache zilizopita umekakamaa. Ukiuacha kwenye baridi kali isiyogandisha, kati ya nyuzi 0 na 4, vimeng'enya vyake vyenyewe vinaanza kuulegeza taratibu, na kazi hiyo huchukua wiki mbili, tatu, hata nne. Jokofu la namna hiyo halitakiwi kuzimika. Kwa umeme wetu maana yake ni jenereta, na jenereta inakunywa dizeli. Ng'ombe wetu wengi, zebu waliotembea maili nyingi kutafuta malisho na maji, wanaihitaji subira hiyo kuliko ng'ombe wa kulishwa nafaka zizini. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mhudumu liwe hili: nyama hii imekaa siku ngapi? Mhudumu wetu alilijua jibu, siku 21, na hilo lilinipunguzia uchungu wa bili.

Kosa letu lilikuwa fileti. Kila ng'ombe ana mbili tu, nyembamba, kwenye msuli usiofanya kazi. Ndiyo maana ni laini na ni ghali, lakini haina mafuta, na ladha ya nyama imo kwenye mafuta. Isitoshe, tayari ni laini kabla ya kukaa, kwa hiyo zile siku 21 haziinufaishi sana. Ukiiivisha kabisa inakauka. Steki ya mbavuni, yenye mafuta yaliyojipenyeza ndani, inastahimili moto zaidi, na pale ilikuwa 58,000. Ile yenye mfupa wa umbo la T inavutia macho kwa gramu 500, ila mfupa nao umepimwa.

Sasa Vingunguti, jirani na machinjio. Kilo ya mbuzi tuliipata kwa 25,000, ndizi nne za kuchoma 4,000, soda mbili 3,000, maji 1,000. Jumla 33,000. Kilo hiyo nayo hupimwa mbichi, tena na mifupa, kwa hiyo kinachoingia kinywani ni kama nusu. Simama kwenye mizani mwenyewe, chagua paja au mbavu, na usiondoke mpaka umeona nyama yako imewekwa jikoni. Tulisubiri zaidi ya saa moja. Mke wangu alifurahi kuliko Masaki, kwa sababu choma huiva kabisa na bado ina utamu: mafuta, chumvi, ndimu, pilipili. Hakuna aliyemuuliza anataka iweje.

Nyumbani nako nimejaribu. Gramu 600 za fileti ni 13,200, na pamoja na viazi, mchicha, siagi na gesi sikufika 25,000. Niliiweka nyama kwenye friji siku tatu, nikaipaka chumvi usiku wa mwisho, nikaikausha vizuri kwa kitambaa, kisha kikaango kizito cha chuma kilichopata moto hadi kutoa moshi. Dakika tano za kupumzika kabla ya kukata zinasaidia sana. Ilikuwa nzuri, nasema kweli, lakini siku tatu si 21, na sahani niliziosha mimi.

Masaki tutarudi Desemba. Tumekubaliana yeye atakula samaki, changu wa kuchoma wa 38,000, mimi steki ya mbavuni, sahani moja ya viazi itutoshe wote wawili, na keki tutaila nyumbani. Kwa bei za ile menyu, pamoja na maji, ni 115,000.