Sura ya Tano: Bia Haioshi Figo

Nilipanga sura hii iwe na sehemu tatu zinazolingana: chai na kahawa, pombe, kisha vidonge vya kukojosha. Haitakuwa hivyo, maana kila ninapozungumzia mkojo hapa Kinama, mazungumzo huishia kwenye chupa ya bia ya Primus.

Chai tuimalize haraka. Wanaodai kwamba kikombe kimoja kinakausha mwili wanatia chumvi. Kafeini huizuia adenosini isifanye kazi yake kwenye figo. Chumvi kidogo hupita na mkojo, na maji huifuata. Lakini hilo huonekana wazi kwa anayekunywa miligramu 250 hadi 300 kwa mpigo, tena asiyezoea. Kikombe cha chai kina kama 40. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham walitoa matokeo ya wanaume 50, wanywaji wa kahawa wa kila siku: siku tatu walikunywa vikombe vinne kwa siku, siku tatu nyingine wakanywa maji matupu badala yake. Kiasi cha maji mwilini hakikutofautiana. Chai ina kosa jingine kabisa: tanini zake hunasa madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe. Mama mjamzito akishakula, aache angalau saa nzima ipite ndipo anywe.

Sasa bia. Mteja wa kabare anamaliza chupa ya sentilita 72, anakwenda uani mara mbili, anarudi akijisifu: mkojo umetoka mweupe kama maji, figo zimeoshwa! Maneno haya nimeyasikia hata kwa watu waliotundika diploma ukutani.

Figo haihitaji kuoshwa. Kuosha ndiyo kazi yake. Kwa siku moja figo zetu mbili huchuja takriban lita 180, kisha karibu zote huzirudisha kwenye damu, zikatupa lita moja na nusu au mbili. Amri ya maji kiasi gani yarudi huletwa na vasopresini, homoni inayotoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Alkoholi huibana tezi hiyo, homoni hupungua, na figo huyaacha maji yapite. Kwa hiyo ule mkojo mweupe si dalili ya uchafu kutoka. Ni maji ambayo mwili ungeyabakiza. Urea na kreatinini zimo kama kawaida, ila zimezimuliwa.

Mwanafiziolojia Mwingereza Grace Eggleton alilipima jambo hili mwaka 1942. Aliona kwamba kila gramu ya alkoholi huongeza takriban mililita 10 za mkojo, na kwamba ongezeko hutokea wakati alkoholi inapanda kwenye damu, si inaposhuka. Tupige hesabu. Chupa ya sentilita 72, bia ya asilimia 5, ina gramu 28 hivi za alkoholi: mililita 280 za ziada. Mnywaji ameingiza zaidi ya mara mbili ya hizo kama maji, hivyo chupa moja haimkaushi. Chukua sasa mililita 100 za pombe kali ya asilimia 40. Gramu 32, yaani mililita 320 za kutoka, dhidi ya 60 hivi za maji zilizoingia. Huyo ndiye anayeamka ulimi umegandamana na kaakaa. Kwa urwarwa hesabu hii haifanyiki, kwa kuwa dumu la pombe ya ndizi halina lebo, na kila mpishi ana ukali wake.

Wanaosema bia husaidia dhidi ya mawe ya figo wana chembe ya ukweli: mkojo mwingi hupunguza uwezekano wa jiwe jipya kuota. Lakini maji hufanya hivyo bila gharama, na bia huongeza asidi ya uriki, ambayo nayo hutengeneza mawe, mbali na kuvimbisha dole gumba la mguu. Jiwe lililokwisha kukaa haliyeyushwi na Primus wala Amstel, hata ukinywa kreti nzima.

Vidonge, basi, kwa nafasi iliyobaki. Furosemidi ni dawa ya moyo ulioshindwa na ya miguu iliyovimba, na daktari huiandika akijua atapima damu. Wapo wanaoinunua dukani ili wapungue kabla ya harusi. Mafuta ya tumbo hayaguswi hata kidogo. Mizani inashuka kwa sababu ya maji, ambayo hurudi siku mbili tatu baadaye. Potasiamu iliyotoka pamoja nayo huchelewa zaidi kurudi, na bila hiyo moyo hupoteza mapigo yake.