Taji Moja, Mabingwa Wawili

Hatukusudii hapa kuingia katika hitilafu za wanazuoni juu ya hukumu ya sataranji, ambayo vijana huiita chesi. Tunatazama jambo moja tu: haja ya kuwa na chombo kinachokubaliwa na wote.

Alexander Alekhine alipofariki mwaka 1946 akiwa bado bingwa wa dunia, taji lilibaki bila mwenyewe. Shirikisho la kimataifa, FIDE, lililoasisiwa Paris mwaka 1924, liliwashindanisha wachezaji watano mwaka 1948, na Mikhail Botvinnik akashinda. Tangu hapo njia ya kuufikia ubingwa ikajulikana.

Mwaka 1993 bingwa Garry Kasparov na mpinzani wake, Nigel Short, walilalamika kwamba shirikisho liliamua mahali na fedha za pambano lao bila kuwashauri. Wakajitenga, wakacheza London chini ya chombo walichokiunda wenyewe. FIDE ikamvua Kasparov taji, na Anatoly Karpov akalitwaa. Ikawa miaka 13 ya mabingwa wawili, hadi Vladimir Kramnik alipomshinda Veselin Topalov mjini Elista mwaka 2006. Kasparov mwenyewe alikuja kukiri kuwa kujitenga kule kulikuwa kosa kubwa.

Malalamiko yao yalikuwa na msingi, lakini dawa yake ilileta maradhi mengine. Anayeongozwa asikimbilie kuvunja. Na anayeongoza akumbuke kwamba anayeacha kushauriana huupanda mfarakano kwa mkono wake.