Hedifoni za Milioni Tatu: Sikio Hupata Nini cha Ziada?

Pale Kisesa, ambapo barabara itokayo Usagara huungana na ile iendayo Musoma, ni nadra kumkuta kijana asiyening'iniza waya sikioni. Wachuuzi huzipanga hedifoni mezani pamoja na chaja na makava ya simu, na kwa shilingi elfu chache mtu hujipatia muziki wake mwenyewe katikati ya kelele za wapiga debe. Hizo ndizo hedifoni za walio wengi, nazo hufa upesi.

Ziko nyingine ambazo bei yake humfanya mtu aulize mara mbili. Mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha kusindika samaki, mkazi wa hapa, ambaye jioni hupiga gitaa la besi katika kwaya, amekuwa akijiwekea akiba kwa zaidi ya mwaka ili anunue hedifoni za kupachika ndani ya masikio, za daraja la juu. Mkewe anazitaka fedha hizo kwa mabati ya vyumba viwili vilivyobaki bila kuezekwa. "Baba watoto," alimwambia mbele yangu, "sauti hiyo inazuia mvua?" Mume alicheka, lakini hakujibu. Swali lile ni la haki, na ndilo nililojaribu kulifuatilia kwa juma zima.

Msomaji aliyepata kufika Bujora, kituo alichokianzisha Padri David Clement katika miaka ya 1950 na ambamo zimehifadhiwa ngoma za watemi wa Kisukuma, tayari anakijua kiini cha hedifoni. Ngozi iliyowambwa hupigwa, hutikisika, na hewa ikatikisika nayo. Ndani ya hedifoni nyingi mna kiwambo chembamba kifanyacho kazi hiyohiyo, isipokuwa kinachokitikisa ni umeme na sumaku badala ya kiganja. Katika Sennheiser IE 900, iliyotolewa mwaka 2021 kwa bei ya yapata dola 1,300, kiwambo ni kimoja tu chenye upana wa milimita 7. Kwa fedha zetu hizo ni kama shilingi milioni tatu.

Iko njia ya pili, iliyorithiwa kutoka kwa vifaa vya wasiosikia vizuri: ulimi mdogo wa chuma unaochezacheza baina ya sumaku. Kwa kuwa ulimi mmoja hauwezi kuimba sauti zote sawasawa, watengenezaji huweka kadhaa na kugawana kazi. Shure SE846, ya mwaka 2013, inazo nne katika kila sikio. Wanamuziki wa majukwaani walianza kuvipenda vifaa vya jinsi hii hasa baada ya 1995, Jerry Harvey, fundi wa sauti wa bendi ya Van Halen ya Marekani, alipowatengenezea wanamuziki wake hedifoni zilizofinyangwa kwa umbo la masikio yao.

Nilizisikiliza aina hizi mbili, za kuazima, kwa zamu na jozi ya shilingi elfu ishirini na tano iliyonunuliwa mjini Mwanza. Kwa nyimbo za Mbaraka Mwinshehe tofauti ilidhihirika mara moja: gitaa la pili, ambalo katika jozi ya bei nafuu lilikuwa limejificha nyuma ya la kwanza, lilijitokeza na kusimama mahali pake. Kiwambo kimoja cha Kijerumani kilinipa besi nzito yenye kishindo. Zile ndimi nne zilinipa sauti ya mwimbaji iliyo karibu zaidi, kana kwamba ameketi kiti cha mbele. Kama ningelazimika kuchagua, kwa ngoma ningechukua kiwambo, na kwa waimbaji ningechukua ndimi.

Kisha nikasikiliza ngoma zilizorekodiwa kwa simu katika sikukuu ya Bulabo, ile ya mwezi Juni ambapo Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, na ushindi huenda kwa waliowavuta watazamaji wengi zaidi. Hapo mambo yaligeuka. Hedifoni ya bei kubwa ilinisikilizisha upepo ukigonga maikrofoni, na mtu akikohoa, na ngoma yenyewe ikipasuka kwa kuwa simu ilizidiwa. Jozi ya elfu ishirini na tano iliyasitiri hayo yote, nami nikaburudika. Nyimbo nyingi tunazoingiziwa kwenye kadi za simu vibandani zimekwisha kubanwa mno, na chombo kizuri hakiwezi kurudisha kilichokatwa.

Mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha mwaka 2017 matokeo ya vipimo vya hedifoni 283. Hakuona uhusiano kati ya bei ya rejareja na jinsi chombo kinavyogawa sauti nene na nyembamba. Hakupima uimara wala raha ya kuvaa, lakini kwa upande wa sauti hilo latosha kumfanya mnunuzi asite kabla ya kufungua pochi.

Katika majaribio yangu jambo lililoleta badiliko kubwa kuliko yote lilikuwa ni vile vipira vya mpira vinavyoziba tundu la sikio. Kipira kikiwa kidogo hewa huvuja, besi hutoweka, na mtu huidhania hedifoni kuwa mbovu. Nilipobadilisha vipira vya ile jozi ya bei nafuu na kuweka vinavyonienea, besi ilirudi. Tena, sikio lililozibwa vizuri halihitaji sauti kubwa. Ndani ya daladala, mwenye hedifoni inayovuja hushindana na injini kwa kuongeza sauti, na hapo ndipo madhara huanza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa juma katika desibeli 80. Sauti ikifika 90, saa hushuka hadi 4 tu kwa juma zima. Masikio yakianza kuvuma baada ya kusikiliza, mipaka imekwisha kuvukwa.

Ama kuhusu kuishi na vitu hivi, zile za bei kubwa zina sifa moja ambayo mama wa nyumba angeithamini: waya hutoka. Ukikatika, hununuliwa mwingine, na kichwa chenyewe huendelea na kazi. Lakini IE 900 imefichiwa kiungio ndani kiasi kwamba nyaya nyingi za makampuni mengine hazikiingii. Huja na nyaya tatu, na mbili kati yake hazifai kwa tundu la kawaida la simu. Simu nyingi mpya hazina tundu hilo kabisa, basi hapana budi kununua kiunganishi. Zile zisizo na waya zimeondoa usumbufu huo na kuleta mwingine, kwani betri zake ndogo huchakaa baada ya miaka michache, na aghalabu hazikutengenezwa ili zifunguliwe na fundi.

Mpiga besi wetu alizivaa zote tatu, macho ameyafumba. Alikiri kwamba ile ya milioni tatu ni bora. Alikiri pia kwamba kanisani, penye vipaza sauti vinavyokoroma, asingeweza kuutambua ubora huo. Mkewe naye alizivaa, akasikiliza wimbo mzima bila kusema neno, akauomba tena.

Mabati yatanunuliwa kabla ya vuli. Kwa sasa amenunua jozi ya elfu arobaini yenye waya unaotoka na pakiti ya vipira vya saizi tatu, na mkewe huizuia kila Jumamosi mchana. Kila juma huchomoa vipira, hufuta nta ya masikio kwa kitambaa kikavu, na hupitisha brashi laini kwenye wavu mdogo wa mdomoni, maana wavu ukiziba upande mmoja hufifia, na wengi hutupa chombo kizima kwa sababu hiyo tu.