Seva ‘pepe’ haipeperuki

Mwanafunzi mmoja hapa Machakos aliniuliza ikiwa seva pepe hukaa hewani. Simlaumu. Katika ‘barua pepe’, neno hilo hutukumbusha kasi ya upepo, na linafaa. Tulipolibandika kwenye seva, watu wakadhani hakuna mashine. Ipo, tena nzito!

Hebu fikiria ploti ya kupangisha. Mwaka 1972 IBM ilitangaza VM/370, programu inayoifanya kompyuta kuu moja iwe kama kompyuta nyingi. Programu hiyo ndiyo msimamizi wa ploti. Ina daftari lenye jina la kila mpangaji, kiasi cha kumbukumbu alichopewa na kipande chake cha diski. Kuongeza seva basi si kununua chuma: unaandika jina daftarini, unanakili diski iliyokwisha kutayarishwa, unawasha.

Ujanja uko kwenye kumbukumbu. Msimamizi huahidi nyingi kuliko aliyo nayo, akijua wapangaji hawatumii yote kwa wakati mmoja. Wakiamka wote pamoja, sehemu huhamishiwa diskini na kazi zote zikaanza kujikokota. Ndiyo maana seva zilizosahaulika huzimwa; hata isiyo na kazi hula.

Wataalamu wa mitambo hiyo huziita ‘wageni’. Naona jina hilo ni la kweli zaidi, maana mgeni hujulikana yuko nyumba ya nani. Kituo cha Kitaifa cha Data kipo Konza, jirani yetu. Raia anayeuliza rekodi zake ziko wapi asijibiwe kwa upepo. Napendekeza ‘seva mgeni’, wingi ‘seva wageni’.