Vipindi vya nyumbani Kanada: Tuhesabu pasipoti au lugha?

Mwaka 1975 wakazi wa Igloolik, kijiji cha Wainuit kilicho kisiwani kaskazini kabisa mwa Kanada, waliulizwa iwapo walitaka kuletewa runinga. Wakapiga kura, wakakataa. Wakaulizwa tena mwaka 1979. Wakakataa tena.

Wasidhaniwe kuwa watu wasiojua mambo. Shirika la utangazaji la taifa, CBC, lilikuwa tayari linapeperusha matangazo yake kaskazini kupitia satelaiti iliyoitwa Anik, neno la Kiinuktitut lenye maana ya ndugu. Mtambo ulibandikwa jina la Kiinuktitut, lakini vilivyoshuka kutoka angani havikuwa vya Kiinuktitut. Wazee wa Igloolik waliona kwamba ndugu wa aina hii akikaribishwa sebuleni, baada ya miaka michache watoto watazungumza lugha yake, si ya nyanya zao.

Mfano huu nimeutumia miaka mingi darasani ninapofundisha isimujamii. Wanafunzi hucheka kwanza, maana nani atakataa runinga? Kisha huwaambia kuwa mwaka 1983 kijiji kilikubali. Kilichobadilika ni kwamba Shirika la Utangazaji la Wainuit lilikuwa limeundwa mwaka 1981 na kuanza kuandaa vipindi kwa Kiinuktitut. Ugomvi wao haukuwa na kioo, ulikuwa na lugha iliyokuwa ikitoka ndani ya kioo hicho.

Nimeanza na Igloolik kwa sababu mjadala wa kulinda vipindi vya nyumbani nchini Kanada, ambao umepamba moto upya miaka hii, huendeshwa mno kwa msamiati wa fedha na uraia. Lugha hutajwa kama kitoweo cha pembeni. Nadhani hapo ndipo Wakanada wenyewe wanapoteleza.

Hofu yao si ya jana. Kanada imepakana na Marekani, na mawimbi ya redio hayaombi viza mpakani. Mwaka 1929 Tume ya Aird ilipendekeza utangazaji wa umma, na CBC ikaundwa mwaka 1936. Tume ya CRTC, inayosimamia sekta hiyo, ilizaliwa mwaka 1968. Kuanzia 1971 iliziamuru stesheni za redio kuhakikisha kuwa asilimia 30 ya nyimbo wanazocheza ni za Kikanada. Kwa muziki wa kisasa kiwango hicho sasa ni asilimia 35. Wenye stesheni, kama ilivyo kawaida ya wafanyabiashara, walitafuta mwanya: baadhi walizirundika nyimbo hizo saa ambazo wasikilizaji ni wachache. Watu wakaziita saa za biva, kwa jina la mnyama ambaye ni nembo ya nchi hiyo.

Lakini wimbo wa Kikanada ni upi hasa? CRTC hutazama mambo manne: mtunzi wa muziki, mwimbaji, mahali pa kurekodia na mtunzi wa maneno. Ukipata mawili kati ya manne, umepita. Msomaji aangalie vizuri: lugha ya wimbo haimo.

Matokeo yake yalikuwa kichekesho. Mwaka 1991 Bryan Adams, Mkanada anayejulikana dunia nzima, alitoa albamu aliyoitunga pamoja na Robert John Lange, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Zambia. Kwa hesabu za tume, nyimbo hizo hazikuwa za Kikanada. Adams alifoka hadharani, na mwaka 1993 kanuni ikalegezwa kidogo ili kuwafaa wanaoshirikiana na wageni. Ikalegezwa, ndiyo, ila msingi ukabaki uleule wa kuhesabu pasipoti.

Sasa tuvuke hadi Quebec. Stesheni za redio zinazotangaza kwa Kifaransa hufungwa na sharti la ziada: asilimia 65 ya nyimbo za kisasa zenye maneno lazima ziwe za Kifaransa. Katika sharti hilo haijalishi kama mwimbaji ametoka Montréal, Paris au Dakar. Kinachopimwa ni lugha inayofika sikioni. Céline Dion alirekodi kwa Kifaransa kwa miaka kadhaa kabla ya albamu yake ya kwanza ya Kiingereza mwaka 1990. Sidai kwamba kanuni ndiyo iliyompa sauti, hasha! Nasema alikuwa na mahali pa kuisikizisha kwa lugha ya mama yake.

Kuna wanaoshikilia kuwa mgao wa lazima hauzai sanaa nzuri. Wana haki kwa kiasi fulani. Ila turudi kidogo Igloolik. Zacharias Kunuk, kijana wa huko, aliuza vinyago vyake mwaka 1981 akanunua kamera ya video. Baadaye alifanya kazi katika shirika lile la Wainuit. Mwaka 2001 filamu yake Atanarjuat, iliyoigizwa yote kwa Kiinuktitut, ilitunukiwa Caméra d'Or katika tamasha la Cannes. Kijiji kilichokataa runinga mara mbili!

Mwaka 2023 Kanada ilipitisha sheria inayozifikia Netflix, Spotify na wenzao. Mwaka uliofuata CRTC iliamua kwamba kampuni za kigeni zinazovuna angalau dola milioni 25 za Kanada kwa mwaka nchini humo zichangie asilimia 5 ya mapato hayo, sehemu ya fedha ikienda kwa watayarishaji wa Kifaransa na wa jamii za wenyeji asilia. Kampuni hizo zikakimbilia mahakamani. Mimi sina shida na mchango huo. Wasiwasi wangu ni fungu la lugha za wenyeji litakuwa kubwa kiasi gani, kwa sababu Kiingereza cha Toronto hakihitaji mlinzi.

Kwetu pia, kanuni za utangazaji za 2009 zilidai vipindi vya nyumbani. Hebu msomaji aketi jioni moja mbele ya runinga na kalamu mkononi, ahesabu si watangazaji bali lugha.

Huko kaskazini mwa Kanada, Januari 2021 ilizinduliwa runinga inayotangaza kwa lugha ya Wainuit saa 24. Inaitwa Uvagut, yaani sisi. Safari hii jina na vipindi ni vya lugha moja.